Nilivyokwenda Thika Kuwafundisha Wahadhiri

Mmeniuliza sana, nyinyi wa kwaya na nyinyi wa chumba cha walimu, na kila mmoja nimemjibu nusunusu nikiwa mbioni. Sasa nasikia mmeanza kubishana kama nilifukuzwa Thika au sikufukuzwa. Sikufukuzwa. Nilichelewa, nilichekwa, na nilikosea mbele ya watu wenye digrii tatu tatu, lakini kufukuzwa, hapana. Nimeona ni heri niandike yote mara moja, msome mkiwa mmekaa.

Nikumbushe nilichoendea. Bi Nyambura, niliyesoma naye zamani, sasa ni mkuu wa kitivo kwenye chuo kikuu chenye maabara na kumbi zake pale Thika. Baada ya uchaguzi, wanafunzi wake walianza kukaa darasani kwa makabila, na hata kwenye maabara hawakutaka kushika chombo kimoja na mtu wa kwingine. Akaniandikia: "Wakesho, wewe umefundisha walimu wa kila pembe miaka kumi na minane. Njoo uwaonyeshe wahadhiri wangu jinsi ya kuwafunza vijana hawa kufanya kazi na watu wasiofanana nao. Sitaki hotuba ya amani. Nataka jambo hilo liingie ndani ya masomo yenyewe, hata ya hesabu." Siku nne, Jumatatu hadi Alhamisi. Nikakubali.

Kutoka Voi hadi Makindu

Mnakumbuka mvua ile iliyoanza mwisho wa mwaka wa tisini na saba ikakataa kukoma. Niliondoka Voi Ijumaa asubuhi nikijiona mwerevu kwa kuacha siku mbili za akiba. Zote mbili zililiwa na barabara.

Karibu na Mtito Andei kalvati lilikuwa limesombwa. Magari yalikuwa yamepanga foleni isiyo na mwisho. Dereva wetu alizima injini, akavua viatu, akavilaza kando ya usukani. Nilipoona viatu vimevuliwa nilijua tumefika kwa siku hiyo. Jirani yangu alikuwa mzee wa Kibwezi aliyepakata debe la asali. Kila baada ya muda alilitangazia basi zima kwamba debe lake halivuji. Lilikuwa linavuja. Sketi yangu ya bluu, ile mliyonisifia Krismasi, ilikuwa imenata magotini kabla ya saa sita.

Jumamosi mchana tulivushwa kwa kupita porini, na tulipofika Makindu springi ya nyuma ya basi ikakatika. Abiria wengi waliteremka wakaenda kwenye hekalu la Masingasinga, maana kila msafiri wa njia ile anajua kwamba pale analishwa. Mimi nilijua kwa kusikia tu. Mlangoni mzee mwenye kilemba alinielekeza kwa kidole: viatu hapa, mikono pale, kichwa kifunikwe. Sikuwa na leso, akanipa kitambaa cha rangi ya chungwa. Nilikula chapati, dengu na mtindi, nikiwa nimekaa sakafuni kati ya taniboi wa lori na mwanamke aliyevaa vito vya dhahabu. Nilipotaka kushukuru, sikujua nimshukuru nani. "Ongeza dengu," yule mzee akasema, akapita.

Kutoka Makindu hadi Mugutha

Jumapili alasiri nilishuka Ruiru. Dereva wa chuo, Bwana Mbugua, alikuwa amenisubiri tangu jana yake akakata tamaa na kuondoka. Nyumba niliyopangiwa kulala ilikuwa Mugutha, kwa Mama Njoki, mjane wa kaka yake Bi Nyambura. Trekta la shamba la kahawa lilinibeba sehemu ya njia, na sehemu iliyobaki nilitembea, begi kichwani, tope likinivua kiatu cha kushoto kila hatua ya tano.

Mama Njoki alinikuta getini. Alinitazama kuanzia juu hadi chini.

"Wewe ndio mwarimu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Haiya! Hiyo kiatu wacha hapo nje. Kuja kwa moto."

Hakuniuliza safari ilikuwaje mpaka nilipomaliza kikombe cha pili cha uji. Hapo ndipo alipoanza kuniuliza, na hakuacha.

Jioni hiyo Bwana Mbugua akafika na ujumbe. Alisimama mlangoni akiwa ameshika kofia. "Mwarimu, pore kwa safari. Kesho saa mbiri nakuchukua. Na Bi Nyambura amesema kira mtu akuje na karamu yake."

"Kila mtu?"

"Kira mtu. Bira karamu hakuna kazi itafanyika."

Nilijua vizuri jinsi watu wa huko wanavyobadilisha r na l. Lakini nilikuwa nimetoka safarini siku tatu, na nilichosikia ni karamu. Nikamwambia Mama Njoki kwamba wahadhiri wanataka kila mtu abebe chakula cha sherehe. Alishangaa. "Hawa wasomi!" akasema, kisha akafunga leso kiunoni akawasha moto wa pili. Yeye akaponda mukimo, viazi na mahindi kwa majani ya mboga, mimi nikapika kimanga cha kwetu, muhogo na maharagwe. Tulipika tukicheka, kila mmoja akionja chungu cha mwenzake na kukitilia shaka.

Kutoka Mugutha hadi ukumbini Thika

Basi Jumatatu niliingia ukumbini na kikapu kikubwa kichwani, sufuria mbili ndani yake. Wahadhiri ishirini na wawili walikuwa wamekaa, na mbele ya kila mmoja kulikuwa na daftari na kalamu. Nilisimama. Nikaziangalia zile kalamu. Nikamgeukia Bwana Mbugua aliyekuwa nyuma yangu amebeba kikapu cha sahani.

"Bwana Mbugua, ulisema karamu."

"Ndiyo, mwarimu. Ya kuandika."

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje kupumua. Nami nikacheka, maana ningefanya nini? Kisha nikaona hakuna somo la kwanza lililo bora kuliko hilo. Nikawaambia: mimi na huyu bwana tunazungumza lugha moja, na hakuna aliyedanganya, wala hakuna aliyekuwa mjinga. Kila mmoja alikuwa na hakika, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Sasa niambieni, ni mara ngapi jambo hili linatokea darasani kwenu, na badala ya sufuria mbili za chakula matokeo yake ni mtoto kuanguka mtihani?

Aliyekuwa hajacheka wala hajatabasamu ni Daktari Gichuru, mtu mrefu wa miaka hamsini hivi, anayefundisha sayansi ya vyakula. Aliinua mkono.

"Madam, mimi nafundisha chakula cha mkebe. Asidi haina kabila. Sukari haina kabila. Hii mambo ya tamaduni ipelekwe kwa watu wa historia, sisi turudi kazini."

Wachache wakagonga meza kumuunga mkono. Nilimwambia nitamjibu kabla ya Alhamisi. Chakula walikila chote, hata yeye, ingawa alikichunguza kimanga kwa uma kama anayetafuta ushahidi.

Jumanne kazi ilianza kwa dhati. Kila mhadhiri alileta mpango wa somo lake tukaupitia mstari kwa mstari: mifano unayotoa inatoka wapi, vikundi unavipangaje, mtihani wako unamtaka mwanafunzi awe mtu wa namna gani kabla hata hajajibu swali. Wengine walilegeza msimamo, na mhandisi mmoja akagundua kwamba mifano yake yote ya mabomba ilitoka kwenye mashamba ya kahawa, na nusu ya darasa lake haijawahi kuona shamba hilo.

Mchana Bi Nyambura akaleta jambo zito. Kulikuwa na msichana wa mwaka wa tatu, Talaso, kutoka Marsabit. Alikuwa amepata sifuri kwenye mtihani wa vitendo wa kuonja, na kwa sheria ya kitivo angeondolewa chuoni kwenye kikao cha wiki iliyofuata. Mwalimu wake alikuwa Daktari Gichuru, na hakuficha lolote.

"Nilimwekea vikombe kumi na viwili vya juisi ya nanasi," alisema. "Kazi ni kuonja na kusema kipi kina asidi zaidi, kipi kimepungua sukari. Hakugusa hata kimoja. Nilimwuliza kama ni mgonjwa, akasema hapana. Nilimwuliza kama amesoma, akasema ndiyo. Sasa mlitaka nimpe nini?"

Hapa ndipo nilipokosea, na nawaambia wazi. Nilienda ubaoni, nikawaeleza kwa sauti ya mtu anayejua kwamba msichana wa kaskazini, aliyelelewa kuheshimu wazee, huenda akaogopa kutoa hukumu mbele ya mwanamume wa umri wa baba yake. Nilichora hata mishale. Waliandika wote kwa zile kalamu zao.

Landless

Jioni ya Jumanne nilimwomba Bi Nyambura anielekeze anakokaa Talaso. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Landless, kwenye ploti yenye vyumba vinane na bomba moja. Nilimkuta akifua nguo. Alikuwa na kitambaa kichwani, kama wasichana wengi tu. Alinipokea kwa heshima, akanipa kiti pekee kilichokuwepo, akaniwekea chai ya maziwa na chapati mbili. Yeye akakaa kitandani, bila kikombe.

Nikafikiri: mtoto huyu amenipa chakula chake cha mwisho. Nikakata chapati, nikamsukumia sahani.

"Kula, mwanangu. Mimi siwezi kula peke yangu ukinitazama."

"Kula tu, mwalimu."

"Usipokula, nami naacha."

Alitabasamu kidogo, kwa aibu. "Nimefunga, mwalimu. Bado kama saa moja hivi."

Nilishika ile chapati mkononi nisijue niiweke wapi. Mimi ninayetoka Voi, ninayeamka kwa adhana, ambaye wiki moja tu kabla nilimpelekea jirani yangu tende za kufuturu. Nilijua ni mwezi wa Ramadhani. Lakini nilisikia jina la Talaso na neno Marsabit, nikajichorea kichwani picha yangu mwenyewe, na kwenye picha hiyo hakukuwa na mfungo.

"Na siku ya mtihani wa kuonja?"

"Wiki ya pili ya mfungo."

"Mbona hukumwambia daktari? Ni woga?"

Sasa alinitazama usoni moja kwa moja, na nikaona mishale yangu yote ya ubaoni ikianguka. "Mimi simwogopi Daktari. Mwaka wa kwanza nilimwomba mwalimu mwingine dakika kumi nitoke maabara nikafuturu. Akasema mbele ya darasa, maabara si msikiti. Wote wakacheka. Nikaapa sitaomba tena kitu kama hicho."

"Lakini Daktari Gichuru alikuuliza."

"Aliuliza kama naumwa. Siumwi. Aliuliza kama nimesoma. Nimesoma."

Nilimwambia kesho asubuhi nitaeleza kila kitu na mambo yatakwisha. Akatikisa kichwa.

"Usimwambie, tafadhali. Sitaki kupewa alama kwa huruma ya mgeni. Akitaka kujua, aniulize mimi."

Nilibisha. Nilimwambia atafukuzwa. Akasema hata hivyo. Niliondoka nikiwa na hasira naye, na nilipofika barabarani hasira ikawa imehamia kwangu.

Ngoingwa

Jumatano asubuhi nilifuta mchoro wangu mbele yao wote. "Jana niliwafundisha uongo," nikasema. "Nilidhani najua, na sikuwa nimeuliza. Siwezi kuwaambia kilichokuwa kweli kwa sababu si siri yangu." Nikawapa kazi ya kufanya kabla ya Alhamisi mchana: kila mmoja amtafute mwanafunzi aliyemshinda au aliyemkasirisha, amwulize swali moja tu, ni nini kilichokuwa kigumu kwenye somo langu ambacho si somo lenyewe? Kisha asikilize. Asibishe, asijitetee, aandike.

Daktari Gichuru alikusanya karatasi zake akatoka bila kuaga.

Saa kumi na moja nilipanda kwa miguu hadi Ngoingwa, nyumbani kwake, nikiulizia njia kati ya migomba na nyumba mpya zilizokuwa bado hazijapakwa rangi. Nilimkuta anakamua ng'ombe. Mkewe alinipa kigoda, na Daktari akaendelea kukamua.

"Umekuja kunishawishi," akasema bila kugeuka.

"Nimekuja kukuomba uende ukamwulize."

"Nilimwuliza. Mara mbili."

"Ulimwuliza maswali mazuri. Hayakuwa hayo."

Maziwa yalilia kwenye ndoo kwa muda. "Wewe unajua jibu?"

"Najua."

"Basi niambie, tusipotezeane wakati."

"Si langu, Daktari. Ningekuwa na ruhusa ningekuwa nimekwisha kusema, maana mimi si mtu wa kunyamaza. Muulize mkuu wako."

Kwa mara ya kwanza nikaona mdomo wake unacheza. Lakini aliposimama uso ulikuwa mgumu tena. "Nikimfungulia mlango huyu mmoja, kesho watakuja kumi, kila mmoja na sababu yake. Nitafundisha saa ngapi?"

"Wakija kumi," nikamwambia, "utakuwa umejua wanafunzi kumi."

Mkewe alinijazia chupa ya maziwa nimpelekee Mama Njoki, na Daktari akarudi kwa ng'ombe wake. Nilishuka kilima nikiamini nimeharibu.

Alhamisi, ukumbini

Asubuhi kiti chake kilikuwa kitupu. Wenzake walisoma majibu yao mmoja mmoja. Mhandisi alikuwa ameambiwa na kijana wa Turkana kwamba tangu aingie chuoni hakuna aliyejaribu kutamka jina lake lote. Mhadhiri wa uuguzi alikuwa ameambiwa na mwanafunzi kwamba vicheshi vyake kuhusu Wakamba vinamfanya asisikie nusu saa nzima inayofuata. Hilo alilisoma mara mbili. Hakuna aliyemcheka.

Tulikula mchana. Kiti bado kitupu. Bi Nyambura aliniambia nisihuzunike, ishirini na mmoja si haba. Nikamwambia mimi namtaka yule wa ishirini na mbili.

Saa nane na nusu mlango ulifunguliwa. Daktari Gichuru aliingia, suruali imelowa tope hadi magotini. Alienda moja kwa moja mbele, hakukaa.

"Nimepotea Landless mara mbili," akasema. "Sikuwahi kufika huko, na nusu ya wanafunzi wangu wanaishi huko." Akatoa karatasi mfukoni. "Nimemwuliza Talaso. Amenipa ruhusa niseme. Siku ile alikuwa amefunga. Mimi nilimwekea vikombe kumi na viwili mbele yake saa tano mchana, nikasimama na saa mkononi, nikidhani napima ulimi wake." Akaikunja karatasi. "Nimefundisha miaka kumi na sita. Sijui wengine wangapi walikaa hivyo."

Mtu mmoja akauliza kama sasa atampitisha.

"Hapana!" Alijibu kwa ukali. "Nilitaka kumpa alama hamsini tumalize. Alikataa. Alisema anataka vikombe vyake kumi na viwili. Mtihani utarudiwa Jumatatu, baada ya Idd, na ni huo huo, haulegezwi. Na kuanzia sasa tarehe ya mtihani wa kuonja haiwekwi kabla sijauliza darasa. Hiyo nimeshaiandika kwenye mpango wa somo." Akanigeukia. "Madam, asidi haina kabila. Hilo nalisimamia. Mwonjaji ndiye ana maisha yake."

Jumatatu, kabla ya basi

Nilipaswa kuondoka Ijumaa, lakini habari zikaja kwamba barabara imekatika tena. Nilibaki Mugutha nikimsaidia Mama Njoki kupalilia. Jumamosi Talaso alituma bakuli la pilau ya Idd, na Mama Njoki akalirudisha limejaa ndizi. Safari yenyewe ya kurudi, Jumanne, ilikuwa laini kiasi kwamba sina la kuwasimulia. Kwa hiyo nawaachia Jumatatu.

Mtihani ulifanyika maabara, wanafunzi wenzake wakiosha vyombo upande wa pili. Bi Nyambura na mimi tulisimama karibu na mlango. Vikombe kumi na viwili vilipangwa. Talaso alionja, akasukutua kwa maji, akaandika. Hakuharakisha. Kwenye kikombe cha saba alirudi mara tatu, kisha akainua kichwa.

"Daktari, hiki hakimo kwenye maswali yako. Kimeanza kuchacha."

"Mikebe yote niliifungua leo asubuhi."

"Kimeanza kuchacha," akarudia, kwa upole uleule.

Daktari Gichuru alikichukua, akanusa, akaonja. Alisimama na ile juisi mdomoni muda mrefu. Kisha akaenda kutazama mkebe uliotoka, akaugeuza, akakuta mshono umefumuka kidogo tu, chini kabisa. Alirudi akaandika kwenye karatasi ya alama. Majibu mengine kumi na moja alikuwa amepata yote isipokuwa moja.

"Umepita," akasema. Halafu akafungua shajara yake. "Mwezi wenu mwingine unaanza lini?"

"Desemba, Daktari, kabla ya Krismasi kidogo. Lakini hatuna hakika mpaka mwezi uonekane."

"Kwa hiyo tarehe kamili hakuna anayeijua?"

"Hakuna."

Alifikiri. "Basi naacha mwezi wote wazi." Akachora mstari mrefu. Kisha akageuka kuwaangalia wale wengine, waliokuwa wameacha kuosha vikombe ili wasikie.

"Na nyinyi? Kuna nini kingine ambacho sijawahi kuwauliza?"

Maji yalikuwa yakitiririka kwenye sinki, hakuna aliyeyafunga. Daktari hakuondoka pale aliposimama. Akavuta kigoda, akakaa, shajara wazi magotini, na kule nyuma, karibu na dirisha, mkono mmoja ukainuka.